Mashimo ya Mfalme Sulemani: kitabu cha watoto, filamu tatu, na sauti inayosimulia

Kwa mtu wa Kivu ya Kusini, neno shimo halihitaji kamusi. Kamituga, Misisi, Nyabibwe: kila mmoja wetu ana ndugu, jirani au mwenzake wa darasa aliyewahi kushuka shimoni kutafuta dhahabu au koltani. Kwa sababu hiyo kichwa alichokichagua Frederick Johnson mwaka 1929, alipotoa tafsiri yake ya riwaya ya H. Rider Haggard kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani, kinasikika hapa Bukavu kwa namna ambayo hakisikiki London. Mwandishi wa leo pengine angeandika migodi au machimbo. Johnson aliandika mashimo, na bila kujua aliwakaribia wachimbaji wetu kuliko wasomi wetu.

Kitabu hicho kimegeuzwa kuwa filamu mara nyingi. Hapa nitashughulikia filamu tatu, za 1937, 1950 na 1985, na nitakaa zaidi kwenye ile ya 1950 kwa sababu sehemu yake ilipigwa ng'ambo ya Ruzizi, karibu na mlango wetu. Swali ni hili: kitabu cha watoto kinapogeuzwa kuwa filamu, ni kitu gani kinachomvuta mtazamaji? Jibu la haraka, linalotolewa mara nyingi katika mijadala ya wanafunzi, ni uaminifu. Filamu nzuri, wanasema, ni ile inayofuata kitabu; mbaya ni ile inayokipotosha. Jibu hilo halitoshi. Filamu ya 1950 ilikipindua kitabu karibu kila mahali, na watu wakajaa kwenye majumba ya sinema.

Neno moja kwanza juu ya istilahi. Katika idara zetu za lugha tumezoea kusema utohozi, lakini utohozi kwetu ni wa maneno: shule, meza, televisheni. Nikisema utohozi wa riwaya, nusu ya wasomaji watafikiri naongelea fonolojia. Nitasema ugeuzaji, na atakayepata neno bora alilete.

Kitabu

King Solomon's Mines kilitoka Uingereza mwaka 1885. Inasemekana Haggard alikiandika baada ya kubishana na ndugu yake kwamba anaweza kuandika kitabu kisichopungukiwa na Treasure Island cha Stevenson, kilichokuwa kimetoka miaka miwili kabla. Wachapishaji walibandika matangazo makubwa mitaani London usiku, watu wakaamka wakayakuta. Kitabu kimetabarukiwa wavulana, wakubwa kwa wadogo. Hilo lisisahaulike: msomaji aliyelengwa ni mvulana wa Kiingereza, na msimulizi, mwindaji wa tembo Allan Quatermain, anajigamba mapema kwamba hadithi yake haina mwanamke wa maana isipokuwa wawili wa Kiafrika, Gagool na Foulata.

Njama inajulikana. Sir Henry Curtis anamtafuta ndugu yake aliyepotea akielekea kwenye almasi za Sulemani. Anamwajiri Quatermain, pamoja nao yupo Kapteni Good, mwanamaji mwenye meno ya bandia na kioo cha jicho moja. Wanajiunga na mtumishi mmoja mrefu, Umbopa, ambaye baadaye anadhihirika kuwa Ignosi, mfalme halali wa Wakukuana, aliyenyang'anywa kiti na Twala. Vita vinapiganwa, Twala anauawa, mlango wa jiwe unamponda Gagool, na wageni wanatoka na almasi walizozijaza mifukoni. Ndugu aliyepotea anakutwa yu hai.

Jinsi kinavyomvuta msomaji inastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu hapo ndipo filamu zilipopata tabu. Quatermain anasimulia kwa nafsi ya kwanza. Ni mwoga kwa kukiri kwake mwenyewe, ana chumvi, anasahau mambo, anajitetea. Mtoto anayesoma hatazami safari kutoka nje. Anakaa karibu na mzee anayezungumza. Wakukuana wanapotaka kuwaua, Good yumo katikati ya kunyoa: upande mmoja wa uso una ndevu, mwingine hauna, miguu i wazi, na meno yanatoka na kurudi. Askari wanashangaa, na maisha ya wote yanaokolewa na meno ya bandia. Kichekesho hiki kinafanya kazi kwa sababu Quatermain anakisimulia kwa uso mkavu.

Johnson alipotafsiri, alikuwa katika idara ya elimu ya Tanganyika, mwaka mmoja baada ya mkutano wa Mombasa wa 1928 uliochagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ilipoundwa mwaka 1930, yeye akawa katibu wake wa kwanza. Vitabu vya aina hii, pamoja na Kisiwa chenye Hazina na hadithi za Maugli, vililenga shule za makoloni ya Mwingereza. Watoto wa upande huu wa ziwa, waliokuwa chini ya Mbelgiji, hawakuwamo katika hesabu yake. Hata hivyo alifanya jambo ambalo hakuna filamu iliyolifanya: alimfanya Quatermain aseme mimi kwa Kiswahili. Mzungu yule anazungumza na mtoto wa Tanga au Tabora katika lugha ya mtoto, kama babu kibarazani. Yapo ya kushangaza katika hali hiyo, maana mtoto huyo ni wa jamii inayosimuliwa. Anaketi upande wa Quatermain huku akijiona upande wa Umbopa.

Kinachobadilika, na kwa ajili ya nani

Linda Hutcheon, katika kitabu chake cha mwaka 2006 juu ya nadharia ya ugeuzaji, anatenganisha kusimulia na kuonyesha, na anaiweka raha ya mtazamaji katika mchanganyiko wa kurudia na kubadilisha: tunafurahi kukitambua tunachokijua, na tunafurahi kukikuta kimegeuka. Nadharia hiyo ni nzuri kwa mtu aliyekwisha kusoma kitabu. Mtoto wa Kadutu aliyeona filamu bila kusoma kitabu harudii chochote. Kwake filamu ndiyo asili. Kwa mtazamaji wa namna hii tunahitaji kuuliza swali kwa njia nyingine: filamu imeweka nini mahali pa ile sauti ya mzee?

Filamu ya 1937, iliyoongozwa na Robert Stevenson huko Uingereza, iliweka wimbo. Umbopa aliigizwa na Paul Robeson, Mmarekani mweusi ambaye sauti yake nzito ilijulikana duniani, na anaimba safarini. Hii ni hila yenye akili. Sauti ya kusimulia imeondoka, sauti ya kuimba imeingia, na kitovu cha filamu kimehamia kwa Mwafrika hata pale ambapo maandishi yanamweka pembeni. Wengi waliikumbuka filamu ile kwa sababu ya Robeson, na ni vigumu kuwalaumu.

Ile ya 1985 iliweka mbio. Richard Chamberlain na Sharon Stone walipigwa picha Zimbabwe, wakikimbizana na Wajerumani wa Vita vya Kwanza vya Dunia kwa mtindo wa filamu za Indiana Jones zilizokuwa zikitamba wakati ule. Kitabu kimebaki kama kisingizio. Sitaipoteza nafasi ya jarida hili juu yake, isipokuwa kwa kuonyesha kitu kimoja kinachojirudia: zote tatu zimemwingiza mwanamke mzungu ambaye Haggard hakumweka. Mwaka 1937 ni Kathy, anamtafuta baba yake. Mwaka 1950 ni Elizabeth Curtis, anamtafuta mume wake. Mwaka 1985 ni Jesse, anamtafuta baba tena. Wavulana wa 1885 walinunuliwa kitabu na wazazi. Sinema inauza tikiti kwa familia nzima na kwa wapenzi wawili wawili. Mabadiliko haya ni ya sokoni kabla ya kuwa ya kisanaa.

Na yana matokeo. Elizabeth anapochukua nafasi ya Sir Henry kama mwajiri wa safari, mhusika mzima wa kitabu anafutika, na Good anageuka kuwa kaka yake Elizabeth, mtu wa kawaida. Kichekesho chote kimekwenda naye. Kimebaki kimoja kisichokusudiwa: Elizabeth, amechoka na joto la porini, anajikata nywele kwa mkono wake mwenyewe, na muda si muda zinaonekana zimekaa vizuri kama ametoka kwa msusi.

Foulata hayumo tena. Katika kitabu yeye na Good wanapendana, na Haggard, kwa woga wa zama zake, anamuua kabla ndoa haijawa tatizo. Filamu ilipata mapenzi yake kati ya wazungu wawili, kwa hiyo haikumhitaji. Na Gagool, yule bibi mchawi mwenye umri usiohesabika ambaye ndiye mhusika anayetisha kuliko wote kitabuni, amekuwa mzee wa kiume. Jumla yake ni kwamba kitabu kilichojigamba kutokuwa na wanawake kilikuwa na wanawake wawili wa Kiafrika wenye majina na matendo, na filamu iliyojigamba kuwa na mwanamke ikawapunguza. Msomaji mwenye nia ya kuandika kazi ya mwisho wa masomo juu ya jinsia katika ugeuzaji, hapa pana mada nzima haijaguswa.

Si kwamba mabadiliko yote yalimwumiza Mwafrika. Kitabuni, Twala anauawa na Sir Henry: Mwingereza anamkata kichwa mfalme kwa shoka, kisha anamwachia Ignosi kiti. Katika filamu ya 1950 pambano ni la Umbopa na Twala wenyewe. Mfalme halali anakirudisha kiti chake kwa mkono wake, wageni wakiwa watazamaji. Ninapendelea mwisho huu, na nadhani mtazamaji yeyote wa Kiafrika angeupendelea, hata kama ulichaguliwa kwa sababu tu watu wawili warefu wakipigana mbele ya umati ni picha nzuri.

Ng'ambo ya Ruzizi

Kampuni ya MGM haikutaka kujenga Afrika katika studio. Ilituma kikosi kilichozunguka Kenya, Uganda, Tanganyika, Kongo ya Wabelgiji na Ruanda-Urundi, kwanza chini ya Compton Bennett, kisha Andrew Marton. Robert Surtees alipiga picha kwa rangi na akapata tuzo ya Oscar; uhariri nao ukapata. Filamu iliteuliwa pia kwa tuzo ya filamu bora, na ilikuwa miongoni mwa zilizoingiza fedha nyingi zaidi Marekani. Ndani yake hakuna muziki wa okestra wa Hollywood wa kumwambia mtazamaji aogope sasa au alie sasa: kuna ngoma na sauti za Waafrika, na lugha za Kiafrika zinasikika bila tafsiri. Kwa mwaka 1950 huo ulikuwa uthubutu.

Uthubutu huo ndio uliowavuta watazamaji. Wanyama wanaokimbia moto wa majani kwa mamia, wakiruka karibu na uso wa kamera, tembo, maporomoko, na mwishoni, intore. Hadithi ya Haggard iko kusini mwa Afrika, na Wakukuana wake ni ndugu wa Wazulu kwa lugha na kwa silaha. Filamu ilibeba ufalme wao kaskazini mpaka Rwanda, ikawafanya kuwa Watutsi. Wakati ule mji wetu uliitwa bado Costermansville, na mtu akivuka Ruzizi alikuwa ameingia katika nchi ambayo Hollywood ilikuwa inaigeuza kuwa Kukuana.

Tuwatazame waigizaji jinsi walivyoandikwa. Stewart Granger na Deborah Kerr wana majina mawili kila mmoja. Umbopa ni Siriaque, Twala ni Baziga, Gagool ni Sekaryongo, Khiva ni Kimursi: jina moja, na kando yake kabila. Mtazamaji wa Chicago aliambiwa hawa si waigizaji bali ni vielelezo. Lakini tazama pambano la mwisho, tazama Siriaque anavyosimama, uniambie kama si uigizaji.

Hapa mchezo unakwisha na jambo zito linaanza. Haggard aliandika katika zama ambazo Wazungu hawakutaka kuamini kwamba Mwafrika angeweza kujenga kwa mawe. Barabara ya Sulemani na masanamu makubwa yaliyo mwisho wake, kitabuni, ni kazi ya watu wa kale waliotoka mbali. Hayo ndiyo yaliyokuwa yakisemwa pia juu ya Zimbabwe Kuu. Mwaka 1929, mwaka uleule wa tafsiri ya Johnson, mwanaakiolojia Gertrude Caton-Thompson alichimba Zimbabwe Kuu na kuthibitisha, kama David Randall-MacIver alivyosema mapema zaidi, kwamba wajenzi walikuwa Waafrika. Mtoto wa shule wa Tanganyika alipewa hadithi wakati sayansi ilipokuwa inaifuta.

Filamu ya 1950 iliyahamisha mawazo hayo hadi Rwanda. Dhana kwamba Watutsi ni watu waliokuja kutoka mbali, wakuu kwa maumbile, tofauti na majirani zao, ilikuwa imeandikwa na Speke tangu 1863 na kushikwa na utawala wa Wabelgiji kama kanuni ya kutawala. Filamu haikuibuni. Iliipaka rangi na kuipeleka kwa mamilioni. Intore wanaingia warefu, wenye nywele za katani zinazorushwa, wakipigwa picha kutoka chini ili waonekane warefu zaidi, na Quatermain anawaeleza wenzake kama mtu anayeonyesha jamii ya ajabu. Mwaka 1959 MGM ilichukua picha zilizobaki na kutengeneza filamu nyingine, Watusi, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 vijana wa Marekani walicheza dansi yenye jina hilohilo. Kuanzia Novemba ya mwaka uleule 1959 Rwanda ilikuwa inawaka, na wakimbizi walikuwa wakivuka kuja Kivu. Sisemi kwamba filamu ilisababisha kitu. Nasema kwamba sisi wa Maziwa Makuu hatuna nafasi ya kuitazama ngoma ile kama mapambo. Tumejua kwa gharama kubwa kwamba kumfanya mtu kuwa wa ajabu kwa kabila lake si sifa.

Na ni nani hasa aliyetazama? Katika Kongo ya Wabelgiji sinema haikuwa wazi kwa wote: filamu za kuonyeshwa Waafrika zilipitia kwanza kwenye tume ya ukaguzi, na nyingi zilizoonwa na Wazungu hazikuruhusiwa kwao. Wamisionari walijaza pengo kwa filamu zao wenyewe. Huko Léopoldville padre Alexandre Van den Heuvel alitengeneza katuni za Mboloko, swala mdogo mjanja wa hadithi za Kikongo, mapema katika miaka ya 1950. Kwa hiyo wakati Hollywood ilikuwa inachukua kitabu cha watoto wa Kiingereza na kukiigiza kwa miili ya watu wa hapa, palikuwa pia na mtu aliyejaribu kinyume chake: kuchukua hadithi ya watoto wa hapa na kuiweka kwenye filamu. Katuni zile zilikuwa na mafundisho mengi ya kimisheni, lakini mnyama alikuwa wetu, na ujanja wake watoto walikuwa wameshausikia kwa bibi zao.

Anayesimulia

Nirudi kwenye sauti ya mzee. Filamu ya 1950 ilimfanya Quatermain aonekane, lakini ilimnyamazisha kama msimulizi. Stewart Granger ni mrefu, mzuri wa uso, ana mvi kidogo masikioni. Hana woga wala chumvi ya yule mzee wa kitabuni. Tunamtazama, hatumsikii moyoni. Hasara hii haiponyeki kwa picha nzuri, na ndiyo sababu, kwa maoni yangu, filamu inapendeza zaidi kadiri Quatermain anavyoongea kidogo.

Wasomi wa ugeuzaji huko Ulaya wangeishia hapo. Lakini katika nchi zetu filamu haiishii kwenye filamu. Dar es Salaam alikuwepo Derek Gaspar Mukandala, anayejulikana zaidi kama Lufufu, aliyeweka sauti yake ya Kiswahili juu ya filamu za kigeni, Titanic ikiwa mojawapo. Kampala wapo akina VJ Jingo kwa Kiganda; Kenya yupo DJ Afro. Hapa Bukavu kazi za namna hiyo zinauzwa katika flashi na kuonyeshwa katika vyumba vya video, na mtoto anayesema ameona filamu ya kutafsiriwa ana maana ya filamu yenye mtu anayeongea juu yake.

Tusiite kazi hiyo tafsiri tu. Msimulizi wa filamu hafuati mazungumzo neno kwa neno. Anasema mhusika anafikiri nini, anamtania, anatabiri, anawaonya watazamaji, anaingiza methali, anabadilisha jina gumu kuwa jina la mtaani. Anapumzika pale milio ya risasi inapotosha yenyewe. Mwanafunzi wa fasihi simulizi atatambua mara moja anachokiona: ni mtambaji, pamoja na mianzo yake, vionjo vyake na hadhira yake inayojibu. Kile Hollywood ilichokitoa katika kitabu cha Haggard, yaani mtu anayekaa karibu nawe akikueleza kwa chumvi yake, vyumba vya video vimekirudisha, tena katika filamu ambazo hazikuwahi kuwa nacho.

Hapo ndipo ninapoona jibu la swali letu, walau kwa watazamaji wa hapa. Watoto wanavutwa na picha, ndiyo, lakini wanabaki kwa sababu ya sauti. Niliwahi kuona chumba kizima cha watoto kikikataa filamu mpya, ya picha safi kabisa, kwa sababu ilikuwa kwa Kifaransa tu, na kudai irudishwe ya zamani yenye mikwaruzo lakini yenye msimulizi. Mtu anaweza kusema ni suala la kuelewa lugha, na kwa sehemu ni kweli. Lakini wengi wao walikwisha kuikariri filamu ile ya zamani. Hawakuihitaji tafsiri. Walikuwa wanamtaka yule mtu.

Pingamizi lipo, na walimu wetu wamelitoa: msimulizi wa video hana adabu ya lugha, anachanganya, anatukana, anageuza maana. Mara nyingine ndivyo. Johnson naye alipunguza na kulainisha ili kitabu kiingie darasani, na hatumwiti mharibifu. Tofauti ni kwamba mmoja alikuwa na cheo na mwingine ana kipaza sauti. Kwa kuwa hakuna anayefunza kazi hii, kila msimulizi anaanza upya, na ubora ni bahati nasibu. Kitivo cha lugha ndicho mahali ambapo watu wanajua nafsi ya kwanza ni nini, mtambaji ni nani, na rejesta ni nini. Ajabu ni kwamba tunayafundisha yote hayo kwa mifano ya vitabu ambavyo maktaba zetu nyingi hazina, huku mtaani kuna hadhira inayongoja.

Kazi ya darasani

Kwa wenzangu wanaofundisha mazoezi ya tafsiri au fasihi linganishi, hili linaweza kufanywa katika vipindi vitatu bila gharama kubwa.

Kipindi cha kwanza, soma kwa sauti sura ya Good na meno yake, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili cha Johnson, na uwaulize wanafunzi wamecheka wapi. Mahali walipocheka kwa lugha moja na si kwa nyingine, simameni hapo. Mara nyingi jibu limo katika kitenzi kimoja, au katika namna Kiswahili kinavyotofautisha aliyefanya na aliyefanyiwa.

Kipindi cha pili, onyesha dakika kumi za mwisho za filamu ya 1950. Kitabuni, kabla ya kuagana, Ignosi anaapa kwamba hatawaruhusu wafanyabiashara wa kizungu kuingia nchini mwake na bunduki na pombe zao, ingawa marafiki zake watatu watapokelewa daima. Wanafunzi waitafute hotuba hiyo katika filamu, kisha waeleze kwa maandishi wanachokikuta mahali pake. Kwa jimbo lenye mashimo kama yetu, mfalme anayefunga mlango wa nchi baada ya almasi kuonekana si jambo la kupita haraka, na mjadala utajiendesha wenyewe. Mwalimu awe tayari pia kwa maswali juu ya intore. Asiyakwepe, na asiyaache kwa wanafunzi wa upande mmoja kuyajibu.

Kipindi cha tatu, zima sauti ya tukio la wanyama na moto, dakika chache tu, na mwanafunzi mmoja asimulie kama Quatermain, nafsi ya kwanza, kwa Kiswahili sanifu. Mwingine alisimulie tukio lilelile kwa Kiswahili cha Bukavu, kile cha batoto na si cha watoto. Wa tatu asimulie kama Khiva, mtumishi anayebeba bunduki ya bwana wake na kuona yote, ambaye si Haggard wala MGM aliyewahi kumpa nafasi ya kusema mimi. Waliobaki waandike ni sauti ipi waliyoisikiliza mpaka mwisho, na ni dakika gani walipoacha kuisikiliza zile nyingine.